Nina kinyama kizazini: nisafishwe, nitoe kizazi, au ninywe dawa?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 42. Nimeolewa, nina watoto wawili. Mkubwa yuko kidato cha nne, mdogo darasa la sita. Nakuandikia kwa sababu kila ninayemuuliza ana jibu lake, na sasa sijui nimfuate nani.

Tangu mwaka jana hedhi yangu imevurugika. Zamani ilikuwa siku tano, haikosei. Siku hizi inakuja nzito, siku saba hata nane, inakata, halafu haupiti muda naona matone, mara mekundu, mara rangi ya kahawia. Wakati mwingine yanatoka baada ya kukutana na mume wangu. Na kazi yangu ni ya kukaa. Kiti changu cha plastiki nimekitandikia mpira chini ya khanga, na nguo nyeupe nimeacha kabisa kuvaa. Mteja akija kupimwa nasubiri ageuke ndipo nisimame.

Zahanati nilitibiwa yutiai mara mbili, dozi zikaisha, damu ikaendelea. Wengine wakasema ni ile sindano ya uzazi wa mpango, lakini sindano niliacha zaidi ya miaka miwili iliyopita. Mwisho nikaenda hospitali, nikapigwa ultrasaundi ya tumboni kisha ile ya kuingizwa ukeni. Karatasi imeandikwa kwa Kiingereza, mwanangu ndiye aliyenisomea: polipu moja ndani ya mji wa mimba, milimita 14 kwa 9, na mshipa mmoja wa damu unaoingia humo. Wingi wa damu wakapima, ni 8.9. Nina presha, nakunywa vidonge kila siku, na mwili wangu ni mkubwa, sikufichi.

Daktari alikuwa na foleni ndefu. Alisema tu, "Utakuja kusafishwa," akaniandikia vidonge vya kuongeza damu. Nyumbani nikamweleza wifi yangu, akasema huo ni uvimbe na dawa yake ni kutoa kizazi, mbona yeye alitolewa na yuko mzima. Jirani naye akaniunganisha kwa WhatsApp na dada mmoja anayeuza dawa za kuweka ukeni. Anasema zinayeyusha uvimbe na kutoa uchafu wote, na amenitumia picha za vitu vilivyowatoka wateja wake. Halafu kuna maneno yanapita mtaani kwamba uvimbe wa kizazi humpata mwanamke aliyewahi kutoa mimba. Mimi sijawahi, ila namwona mume wangu amekuwa kimya siku hizi. Yeye bado anatamani mtoto mmoja, na mimi sijakata tamaa.

Je, hii ni saratani? Ndiyo hiyo hiyo faibroidi? Nikisafishwa itaisha? Naweza kushika mimba? Na kuna jingine naona haya kumwambia daktari: swala zangu. Ramadhani iliyopita sikujua siku zipi nifunge na zipi nile.

Mama wa wawili, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Polipu nyingi za mji wa mimba si saratani. Katika kila 100, takriban 95 huwa ni vinyama visivyo na ubaya, na kwa mwanamke anayeendelea kupata hedhi uwezekano wa kukuta saratani ndani yake ni mdogo zaidi, kama mmoja au wawili katika mia. Lakini siwezi kukuambia kwa barua kwamba yako imo katika zile nzuri. Hata aliyekupiga ultrasaundi hawezi, mpaka kinyama kitolewe na kutazamwa kwa hadubini. Na kwa kuwa una presha na uzito, mambo mawili yanayopandisha kidogo uwezekano huo, sitaki hatua ya maabara irukwe. Nitakuja huko.

Mji wa mimba una utando wa ndani unaojengeka kila mwezi na kubanduka wakati wa hedhi. Polipu ni sehemu ya utando huo iliyokua kupita kiasi, ikajipatia mishipa yake ya damu, na hedhi ikija yenyewe haiondoki. Huning'inia kwa kikonyo, au hukaa kwa kitako kipana. Yako ina upana wa kifungo kidogo cha koti, na wewe kwa kazi yako hunihitaji nikuonyeshe. Uso wake ni laini na unavuja damu kwa urahisi, ndiyo maana unaona matone wakati ambapo si mwezi wako.

Ule mshipa mmoja ulioandikwa kwenye karatasi usikutishe. Ni habari njema kwa maana ya kwamba mpimaji amekuwa makini. Polipu kwa kawaida hulishwa na mshipa mmoja unaoingilia kwenye kikonyo, wakati faibroidi hutoka kwenye msuli wa ukuta wa kizazi na mishipa yake huizunguka pembeni. Kwa hiyo la faibroidi jibu ni hapana, hivi ni vitu viwili, na huenda wifi yako alikuwa na hicho cha pili, kikubwa au vingi, akatolewa kizazi kwa sababu zake. Mimi sioni sababu ya kumtoa kizazi mwanamke anayetaka mtoto kwa ajili ya kinyama kimoja cha milimita 14. Majibu ya maabara yakija na jambo baya, hapo mazungumzo ni mengine. Kabla ya hapo, mwambie wifi umesikia na unamshukuru.

Na la kutoa mimba nalo tulimalize. Polipu huchochewa na homoni ya estrojeni. Huwapata zaidi wanawake wenye miaka 40 na 50 na ushee, wenye uzito mkubwa kwa sababu mafuta ya mwili nayo hutengeneza estrojeni, wenye presha, na wanaotumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti. Huwapata waliozaa na wasiozaa. Kutoa mimba hakumo katika orodha hiyo. Mume wako mpe ukurasa huu asome mwenyewe, na siku ya kuonana na daktari nenda naye. Nimeona wanaume wengi wakirudiwa na sauti zao mara daktari anapowaonyesha picha kwenye mashine.

Sasa tuje kwenye neno "kusafishwa", maana hapa ndipo ninapotaka uwe na macho. Kusafisha kizazi, kwa maana wanayoijua wengi wetu, ni daktari kupitisha chombo cha kukwangua ndani ya mji wa mimba bila kuona kilichomo. Anakwenda kwa mkono. Polipu yenye kikonyo inasogea, chombo kinapita kando yake, mgonjwa anaambiwa amesafishika, na mwezi unaofuata damu inarudi. Hili si jambo la nadra. Mara nyingi mno polipu huachwa nzima au hukatwa nusu kwa njia hiyo. Tena kukwangua kwa nguvu kunaweza kuacha makovu, kuta za kizazi zikashikana, na wewe umeniambia bado unataka mtoto.

Njia inayostahili inaitwa histeroskopia. Daktari hupitisha kamera nyembamba ukeni, kupitia mlango wa kizazi, bila kukata tumbo. Maji ya chumvi huingizwa kidogo kidogo ili kuta za kizazi ziachane, picha inaonekana kwenye skrini, polipu inaonekana na mzizi wake, na inakatwa kutoka kwenye shina. Kwa polipu moja kama yako kazi yenyewe mara nyingi ni dakika chache tu, hata kama maandalizi yatachukua nusu siku. Unaweza kupewa nusukaputi au ganzi, kutegemea hospitali, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hatari zipo, kama kila upasuaji: maambukizi, au chombo kutoboa ukuta wa kizazi, lakini ni nadra. Wakati mzuri ni siku chache baada ya hedhi kukata, utando ukiwa mwembamba na daktari anaona vizuri. Na kabla ya kuguswa upimwe mimba. Usicheke. Mwanamke wa miaka 42 mwenye hedhi iliyovurugika hushika mimba pia, akadhani ni ule ugonjwa.

Mashine hizo hazipo kila hospitali ya mkoa. Kabla ya kupanda basi, piga simu au mtume mtu aulize: "Mnatoa polipu kwa kamera, au mnakwangua?" Swali hilo halina ukosefu wa adabu. Wasipokuwa nayo, omba rufaa ya maandishi kwenda hospitali kubwa, na kama una bima uliza mapema kama inalipia na inataka kibali gani. Ikiwa safari haiwezekani kabisa na daktari wako akaamua kukusafisha kwa njia ya zamani, si kwamba umepotea; ila rudia ultrasaundi ya ukeni baada ya hedhi inayofuata, kuhakikisha kinyama kimetoka kweli.

Na kikitoka, kisiishie kwenye ndoo. Kinyama hicho ni chako na lazima kiende maabara ya patholojia, wanakotazama vinyama kwa hadubini, kwenye chupa yenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, na karatasi iliyobandikwa jina lako, umri na tarehe. Katika hospitali zetu nyingi ndugu ndiye anayekabidhiwa chupa aipeleke, na kipimo hicho hulipiwa peke yake. Familia inachoka, pesa imekwisha, chupa inabaki dirishani. Ndugu atakayekusindikiza mwambie kabla: anapewa chupa na nani, anaipeleka chumba gani, anapewa risiti, majibu yanatoka lini, na daktari gani atayasoma. Weka pesa ya kipimo hicho kando tangu mwanzo, usiihesabu pamoja na nauli.

Umeuliza kama dawa inaweza kuyeyusha. Polipu ndogo, chini ya milimita 10 na zisizo na dalili, zinaweza kuangaliwa tu. Karibu robo yake hupotea zenyewe ndani ya mwaka. Yako imevuka hapo, inakuvujisha damu, na unatafuta mtoto. Vidonge vya homoni hupunguza damu kwa muda, ukiacha inarudi. Vile vya kukaza damu ya hedhi husaidia siku nzito tu, na daktari ndiye wa kusema kama vinakufaa. Havitoi kinyama.

Zile dawa za WhatsApp acha leo. Kitu kinachowekwa ukeni hakifiki kwenye polipu iliyo ndani ya mji wa mimba. Kinachotoka na kupigwa picha ni ute, na ngozi laini ya uke iliyochubuliwa na hizo dawa zenyewe, ikavimba na kubanduka. Kadiri unavyoungua ndivyo "uchafu" unavyozidi kutoka, na muuzaji anazidi kukuambia endelea. Nimewapokea wodini wanawake waliofika na vidonda na homa, na polipu zao zikiwa palepale.

Damu yako 8.9 ni upungufu wa kati. Mwanamke asiye na mimba tunataka awe na 12 au zaidi. Ndiyo sababu ya kuchoka na moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, hata kama hukuniandikia hilo. Vidonge vya madini ya chuma meza na maji ya limau au chungwa. Chai ya asubuhi isogeze mbali kwa saa moja au mbili, najua kwa mtu wa Tanga naomba makubwa, lakini chai huzuia madini hayo yasiingie mwilini. Choo kitakuwa cheusi, ni kawaida. Vikikuvuruga tumbo, usiviache kimyakimya, mwambie daktari akubadilishie. Kumeza siku moja na kuruka siku moja nako hufanya kazi. Damu ipande kabla ya upasuaji, na uendelee kumeza kwa miezi baada yake.

Kuna kitu kimoja katika barua yako ambacho hukukiulizia nami sikukipita: damu baada ya kukutana na mumeo. Polipu inaweza kuleta hilo, lakini na mlango wa kizazi pia unaweza. Hata kama ultrasaundi imekwisha kukupa jibu, lazima mtu aingize kifaa cha kufungulia uke na autazame mlango wenyewe kwa macho. Ultrasaundi haioni saratani ya mlango wa kizazi ikiwa changa. Kama hujawahi kupimwa, fanya kipimo cha siki kwenye kituo cha afya. Nesi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, sehemu yenye shida hugeuka nyeupe. Ni dakika chache. Wakipendekeza kipimo cha virusi vya papiloma (HPV), vile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, kubali.

Mimba. Polipu inaweza kuzuia yai lisijishikize, na kuitoa husaidia. Kuna utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2005 uliowahusu wanawake wenye polipu waliokuwa wakitafuta mtoto kwa kupandikizwa mbegu za mume: waliotolewa polipu kwanza, 63 katika 100 walishika mimba, walioachwa nazo, 28. Ila wale wengi wao walikuwa wadogo kuliko wewe, na umri wa 42 una mchango wake mkubwa ambao hakuna kamera inayouondoa. Jipeni miezi sita ya kujaribu baada ya kutolewa, si miaka. Wengi huambiwa wasubiri hedhi moja au mbili kwanza. Na usianze kutafuta mimba kabla ya kumwonyesha daktari pakiti ya vidonge vyako vya presha. Baadhi, kama losartani na kaptoprili, havifai kabisa katika ujauzito na hubadilishwa mapema. Kwa presha na umri wako, hilo kwangu ni zito kuliko polipu. Anza na foliki asidi pia. Polipu inaweza kurudi baadaye. Kitanzi chenye homoni hupunguza uwezekano huo, lakini kinazuia mimba, kwa hiyo kwa sasa si chako. Ukimaliza habari ya uzazi, kiulizie.

Kuhusu swala, mimi si mwanachuoni, na jibu la mwisho litoke kwa ustadhati unayemwamini. Ila hukuwa na haja ya kuona haya, swali lako lina mlango wake katika fikihi, elimu ya sheria za ibada. Damu ya ugonjwa inayotoka nje ya siku za hedhi ni istihadha, na haina hukumu ya hedhi: siku zako za ada zikiisha unakoga, unaswali, unajisafisha na kutawadha kwa kila swala ya faradhi, na unafunga. Kwa hiyo nunua kalenda. Kila siku andika alama: nzito, nyepesi, tone, hakuna, na idadi ya pedi. Ustadhati ataitumia kukutenganishia siku zako na za ugonjwa, na daktari ataitaka hiyo hiyo.

Baada ya kutolewa tegemea maumivu ya chini ya tumbo kama ya hedhi kwa siku moja mbili, na matone kwa siku kadhaa, pengine wiki au zaidi kidogo. Usikutane na mumeo wala usiingize chochote ukeni mpaka damu ikate au mpaka muda atakaokupa daktari. Cherehani ya mguu ipumzishe siku mbili tatu, ya umeme unaweza kuirudia ukijisikia. Ukipata homa, uchafu wenye harufu, tumbo likazidi kuuma badala ya kupungua, au ukilowesha pedi nzima ndani ya saa moja kwa saa mbili mfululizo, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali usiku huo huo, na karatasi ya upasuaji mkononi. Na kizunguzungu au kutokwa damu kwa kiasi hicho kukikukuta hata kabla ya upasuaji, sheria ni hiyo hiyo.